Sura ya 7: Soma Ubao Kabla ya Kushika Spana

Uso wa meza ya mninga umepita kwenye mashine ya msasa na kutokea upande wa pili ukiwa na dosari tatu. Kuna mstari mweusi, mwembamba, unaokwenda na urefu wa ubao. Kuna mawimbi madogo yanayoukata ubao kwa mapana. Na sentimita chache za mwisho zimeliwa kuliko kwingine, kiasi kwamba ukipitisha kiganja unasikia bonde. Karakana nzima inasogea kutazama. Mmoja anasema beringi zimekufa. Mwingine anasema msasa ulionunuliwa safari hii ni feki. Wa tatu ameshachukua spana na anaanza kulegeza bolti zinazoshikilia dramu, bolti ambazo hazikuwa na kosa lolote. Ikifika jioni dosari ni nne, kwa sababu sasa dramu nayo imekaa upande.

Nimelishuhudia jambo hili katika karakana za watu wanaoijua mbao vizuri sana, watu wanaoweza kukutajia mti kwa harufu ya vumbi lake. Mashine ikigoma, utaalamu huo wote unawekwa kando na kubahatisha kunaanza. Linaniuma, kwa sababu ujuzi unaohitajika wanao tayari. Ubao uliotoka kwenye mashine umebeba ushahidi wa kila kilichotokea chini ya kifuniko. Dosari tatu nilizozitaja zina sababu tatu tofauti, na zote zinaweza kujulikana kwa macho, rula na hesabu ya darasa la sita, kabla bolti hata moja haijaguswa.

Mashine yenyewe si ngumu. Ndani ya kifuniko kuna dramu, yaani bomba nene la chuma au alumini lililozungushiwa utepe wa msasa kwa mshazari kutoka ncha moja hadi nyingine. Chini yake kuna mkanda mpana unaosogeza ubao. Mbele na nyuma ya dramu kuna rola mbili zenye springi, kazi yake kuukandamiza ubao usiruke. Gurudumu la mkono hupandisha na kushusha dramu, au meza, kutegemea muundo. Mota kubwa huzungusha dramu, mota ndogo huendesha mkanda. Mashine ndogo zilizoenea kwenye karakana binafsi zina dramu ya inchi 16 iliyoshikiliwa upande mmoja tu. Upande wa pili uko wazi ili ubao wa hadi inchi 32 upite mara mbili, nusu kwa nusu. Uwazi huo ni neema na ni chanzo cha lawama nyingi, nitaeleza.

Jambo moja lieleweke mapema. Randa hukata kwa kisu. Mashine hii husaga kwa punje. Haikuundwa kupunguza unene wa ubao kutoka inchi moja na nusu hadi inchi moja. Sehemu kubwa ya yale yanayoitwa ubovu wa mashine ya msasa ni mashine ya msasa iliyolazimishwa kufanya kazi ya randa.

Swali la kwanza la kuuliza ubao ni mwelekeo wa alama. Alama inayokwenda na urefu imetoka kwenye nukta moja ya dramu, nukta isiyohama: punje zilizoziba, utepe uliochanika, kipande cha utomvu kilichoganda. Alama inayokata mapana imetoka kwenye kitu kinachobadilika kadiri muda unavyokwenda: dramu inayoruka, mkanda unaosita, rola iliyopinda. Ukishajua mwelekeo umeshaiondoa nusu ya mashine kwenye orodha ya watuhumiwa. Ili uone vizuri, zima taa ya juu, washa tochi ya simu na uilaze usawa wa ubao. Mawimbi yasiyoonekana mchana yatajitokeza yote.

Kisha pima umbali kati ya wimbi na wimbi. Hapa ndipo watu huniangalia kama ninawapotezea muda, na hapa ndipo muda unapookolewa. Chukua mashine ambayo dramu yake inazunguka mara 1,430 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa mota ya nguzo nne kwenye umeme wetu wa hezi 50. Mkanda unasogeza ubao mita 3 kwa dakika. Gawanya milimita 3,000 kwa 1,430: dramu ikimaliza mzunguko mmoja, ubao umesogea kama milimita 2.1. Kwa hiyo mawimbi yaliyoachana milimita 2 hivi ni ya dramu. Imepoteza uduara, au beringi yake ina uchezo, au utepe umeinuka mahali fulani na unaupiga ubao mara moja kila mzunguko. Mawimbi yaliyoachana milimita 125 hayawezi kuwa ya dramu hata kidogo. Nenda kapime kipenyo cha rola inayoendesha mkanda. Kikiwa milimita 40, mzingo wake ni karibu milimita 126, na mtuhumiwa umempata. Mara nyingi utakuta unga wa mbao na utomvu vimegandamana upande mmoja wa rola na kuufanya mkanda uinuke kila inapozunguka. Na alama inayojirudia kila baada ya urefu mzima wa mkanda ni ya maungio ya mkanda wenyewe.

Bado una shaka? Punguza mwendo wa mkanda hadi nusu na upitishe kipande kingine cha ubao uleule. Mawimbi ya dramu yatasogeleana hadi milimita 1 hivi, kwa sababu dramu inaendelea na mwendo wake bila kujali mkanda. Mawimbi ya rola yatabaki yameachana vilevile. Jaribio hilo ni la dakika chache, halihitaji chombo chochote, na limeokoa beringi nyingi nzima zisitolewe na kutupwa. Kama mawimbi hayana mpangilio wowote, yanakuja na kuondoka, tazama mota ndogo ya mkanda. Nyingi ni mota za umeme mnyoofu zenye brashi za kaboni, na brashi zikiisha mkanda huanza kusitasita.

Sasa mstari mweusi. Huu ndio ugonjwa unaowasumbua watu kuliko mingine yote, nao unastahili muda.

Msasa hufanya kazi kwa sababu kuna nafasi kati ya punje na punje. Punje inakwangua, unga unakaa kwenye nafasi, dramu inazunguka, hewa inaunyonya unga. Unga ukizidi nafasi, au ukiwa na utomvu, unabaki. Mzunguko unaofuata unaushindilia. Muda si mrefu mahali pale hapakwangui tena. Panasugua tu, na msuguano ni joto. Utomvu unayeyuka, unaganda tena, unakuwa kigae cheusi kinachong'aa, na kila ubao unaopita chini yake unaungua mstari mmoja mahali palepale.

Chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko, laza ubao juu ya mkanda na ufuate mstari wake mpaka kwenye dramu. Kigae utakiona. Pitisha kucha juu ya mstari kwenye ubao pia. Ukisikia tuta, maana yake msasa hapo haukati, ubao umebaki juu kuliko pembeni. Ukisikia mfereji, maana yake kuna kitu kimechomoza kwenye dramu, aghalabu ukingo wa utepe uliopanda juu ya mwenzake. Tuta na mfereji huonekana sawa kwa mbali, lakini tiba zake hazifanani: tuta linataka kusafishwa, mfereji unataka utepe ufungwe upya.

Kusafisha hufanywa kwa kipande cha mpira wa asili, ule mpira mlaini wa rangi ya asali ambao viatu fulani vya zamani vilishonewa soli zake. Dramu ikiwa inazunguka na mashine ya kunyonya vumbi imewashwa, mpira unagusishwa taratibu, nao unaondoka na uchafu. Vaa miwani, simama pembeni, na usitumie kipande kifupi kinacholeta vidole karibu na dramu. Kigae kilichoungua kabisa hakitatoka. Utepe huo umekwisha hata kama sehemu nyingine bado kali.

Lakini kusafisha bila kuondoa sababu ni kazi ya kila siku. Sababu ziko chache, na ya kwanza ni tamaa. Kwenye mashine nyingi za vipimo vya inchi, mzunguko mmoja wa gurudumu la mkono ni sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, yaani milimita 1.6. Robo mzunguko ni milimita 0.4. Robo hiyo inavumilika kwa msasa namba 60 au 80 kwenye ubao usio mpana. Kwa namba 120 ni nyingi, na kwa namba 180 juu ya mbao ngumu unachoma kwa makusudi. Mimi sipendi kabisa namba zinazozidi 150 kwenye dramu. Dramu huacha mikwaruzo iliyonyooka na nyuzi za mbao, na mikwaruzo hiyo itaondolewa tu na msasa wa mkono au wa mashine ndogo inayozungukazunguka. Kuifuata kwa dramu hadi 220 ni kununua moto kwa pesa yako. Sababu ya pili ni mwendo wa mkanda. Watu hupunguza mwendo wakidhani wanauonea ubao huruma, kumbe wanauacha ukae chini ya joto muda mrefu zaidi. Ubao ukiungua, punguza kina kwanza, kisha ongeza mwendo. Na ikiwezekana pitisha ubao kwa mshazari kidogo, ili nukta moja ya dramu isikae na uzi mmoja wa mbao safari nzima. Safari ya mwisho tu ndiyo inyooke.

Sababu ya tatu ni mti wenyewe. Msonobari wa mashambani, kama ule unaoshuka kwa malori kutoka Sao Hill, una utomvu, na vifundo vyake ndivyo vyenye utomvu zaidi. Anza na namba 60 au 80 yenye punje zilizotawanywa kwa nafasi. Msaji una mafuta na una silika, hivyo huziba msasa na wakati huohuo huumaliza makali. Mpingo ni mzito na hutoa joto haraka, na hakuna sababu ya kuupitisha kwa kina.

Mvule unahitaji maneno yake peke yake. Ndani ya mvule mara nyingine mna mawe, mawe kweli, ya kalisi kabonati, ambayo mti umeyaunda ukiwa hai. Mengine ni madogo kama punje ya mchele, mengine makubwa, na yanaweza kujificha ndani bila dalili, ingawa wakati mwingine mbao inayoyazunguka huwa na rangi nzito kuliko kwingine. Jiwe la mvule likikutana na utepe mpya wa msasa, linaondoa punje zote kwenye nukta hiyo, na kuanzia hapo kila ubao utatoka na tuta. Fundi atalaumu msasa. Kagua ubao wa mvule kwa tochi na kwa ncha ya bisibisi mahali penye weusi usioeleweka, na jiwe ukiliona litoe kwa patasi kabla ya mashine kulikuta. Kwa mbao zilizowahi kutumika, tembeza sumaku nzito juu ya kila upande. Msumari hauharibu utepe tu; hutoa cheche, na cheche ikinyonywa kwenye mfuko uliojaa unga mkavu inaweza kufuka polepole kwa saa nyingi, watu wakiwa wameshafunga karakana na kwenda nyumbani.

Halafu kuna gundi. Gundi nyeupe iliyovimba kwenye maungio hulainika kwa joto na kushika kwenye punje kwa dakika moja. Ikwangue kwa patasi au chuma cha kukwangulia ikiwa bado haijawa ngumu sana. Hilo halina mjadala.

Utepe wenyewe nao una siri zake. Ncha ya kwanza hubanwa na klipu upande ulio wazi, utepe unazungushwa bila kupandana, na ncha ya mwisho huingizwa kwenye klipu ya ndani yenye springi. Springi hiyo ipo kwa sababu msasa hurefuka: joto huurefusha, unyevu huurefusha, kazi huurefusha. Katika hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja, utepe uliofungwa jioni ukiwa umekaza unaweza kukutwa asubuhi umelegea. Klipu inatakiwa kuvuta ulegevu huo yenyewe, na ikishindwa ni kwa moja kati ya mambo mawili. Ama ilifungwa ikiwa tayari imefika mwisho wa safari yake, haina tena pa kuvutia. Ama ncha ya utepe ilikatwa pana mno ikakwama kwenye kingo za tundu. Acha milimita chache kila upande wa ncha. Ukibadilisha utepe, weka ule wa zamani juu ya mpya na ukate kwa kuufuata, ila hakikisha ule wa zamani ulikuwa unakaa vizuri, maana kosa hurithiwa.

Niliahidi kueleza uwazi wa upande mmoja. Dramu iliyoshikiliwa kama tawi, upande mmoja tu, inaweza kuinama au kuinuka, na hapo ubao unatoka mnene upande mmoja. Usikisie kwa jicho. Tafuta vijiti viwili vilivyopasuliwa pamoja, vya unene mmoja kabisa, upitishe kimoja kushoto na kingine kulia kwa wakati mmoja bila kugusa gurudumu la kina. Vipime kwa vernia. Tofauti uliyoipata ndiyo kiasi ambacho dramu na meza vimepoteza usambamba. Vibadilishane pande na urudie, ili uhakikishe kosa si la kijiti. Ndipo spana inapopata kazi: rekebisha nati ya marekebisho kidogo, pitisha tena, pima tena. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Aliyekaza nati, akabadilisha msasa na kuongeza mwendo kwa mkupuo mmoja, hata akifaulu hatajua kilichomsaidia, na tatizo likirudi ataanza upya.

Kwa mbao pana zinazopita nusu kwa nusu, lengo ni tofauti kidogo. Ukiweka dramu sambamba kamili, mara nyingi unabaki na mfereji hafifu katikati, pale ncha ya dramu ilipoishia. Ncha iliyo wazi ikiinuliwa unywele mmoja tu, mfereji hutoweka. Ukimaliza mbao pana, rudisha usambamba. Wengi hawarudishi, na wiki inayofuata miguu ya meza inatoka na unene usiolingana.

Mkanda wa kusogeza ubao husumbua kwa kuhama upande. Kaza nati ya upande ule mkanda unakoelekea, robo mzunguko, kisha subiri. Mkanda huchukua dakika kadhaa kuitikia, na asiye na subira hukaza tena na tena mpaka unakimbilia upande wa pili. Ubao ukiteleza juu ya mkanda, tazama kwanza unga chini yake, kisha rola za kukandamiza. Hili la kuteleza lisidharauliwe. Dramu huzunguka kinyume cha safari ya ubao, hivyo ubao usioshikiliwa hurushwa nyuma, kuelekea tumboni mwa anayelisha. Usisimame nyuma ya ubao, na kipande kifupi kuliko umbali kati ya rola mbili kisiingizwe kamwe.

Bonde la mwisho wa ubao, dosari ya tatu ya ile meza yetu, ni la rola hizohizo. Ubao ukiwa mrefu na hauna wa kuushika, uzito wa sehemu iliyotoka unaushusha na kuuinua mkia kuelekea kwenye dramu. Ushikilie usawa, au weka meza ya kupokelea. Likibaki, springi za rola zimekaza kupita kiasi, zilegeze kidogo. Zikilegea mno ubao utateleza, kwa hiyo tafuta kati. Mbao nyingi za unene mmoja zipitishe zikifuatana ncha kwa ncha, na za mwisho ziwe za kutupwa.

Kuna dosari ubao hauziandiki, nazo ni za umeme. "Fundi, mota imechoka," kijana atasema, kwa kuwa inazima yenyewe kila baada ya mbao chache. Kabla hujaipeleka kusukwa upya, itazame njia inayopita umeme kuifikia. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa omu 0.012 hivi kwa kila mita. Ekstensheni ya mita 50 ina waya wa kwenda na wa kurudi, jumla mita 100, yaani omu 1.2. Mota ya nguvu-farasi 1.5 kwenye volti 230 hula kama ampea 9 ikiwa na mzigo kamili, kwa hiyo volti 11 hupotea njiani. Inapoanza kuzunguka huomba mara tano au sita ya hizo, na hapo zinapotea zaidi ya volti 50. Ongeza saa za jioni mtaa mzima ukiwa umewasha vifaa na umeme wenyewe ukifika mdogo. Nguvu ya kusokota ya mota za aina hii hushuka kwa mraba wa volti: volti zikipungua asilimia 10, nguvu hupungua asilimia 19. Mota haijachoka, ina njaa. Fupisha waya, tumia mnene zaidi, na kama ekstensheni ni ya kuviringishwa, ikunjue yote, kwa sababu ikiachwa kwenye roli yake hupata joto.

Mota inayonguruma bila kuzunguka ina ugonjwa mwingine. Kapasita ya kuanzishia imekufa, au swichi ya ndani inayotakiwa kuikata imejaa unga wa mbao. Swichi hiyo hukwama mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na husafishwa kwa hewa na brashi. Kapasita iachie fundi umeme, kwani hushika chaji hata waya ukiwa umechomolewa.

Na kuna mashine za mtumba kutoka Marekani, zilizoandikwa volti 115, hezi 60. Mwenye nayo hununua transfoma ya kushushia volti na kudhani amemaliza. Transfoma hubadilisha volti, hezi haizigusi. Kwenye umeme wa hezi 50 dramu iliyoundwa kuzunguka mara 1,720 kwa dakika itazunguka karibu 1,430, pungufu ya sehemu moja ya sita, na chuma cha ndani ya mota kinabebeshwa usumaku kupita kiasi, kwa hiyo mota inachemka hata bila ubao. Hakuna marekebisho ya msasa yatakayoiponya. Tafuta mota ya hezi 50 yenye shafti ya kipenyo hichohicho, na uifanye gharama hiyo sehemu ya bei siku unayoinunua mashine.

Mashine zinazoundwa na mafundi wetu wenyewe, dramu ikiwa ya diski za mbao zilizogandishwa kwenye shafti, zina udhaifu wao na ubora wao. Diski za mbao za kubandika huvimba kwa unyevu na kupoteza uduara, na wimbi la milimita 2 linarudi. Lakini zinanyooshwa palepale: gandisha msasa wa namba ndogo juu ya ubao ulionyooka kabisa, uinue kidogokidogo mpaka uguse dramu inayozunguka ikiwa tupu, uutembeze hadi pote paguswe. Kisha ipake vanishi nzito ili unyevu usiingie. Dramu iliyonyooshwa juu ya beringi zake yenyewe huzunguka kwa usahihi wa kuridhisha, na ninawaheshimu sana wanaozitengeneza.

Nimeacha vumbi mwisho, ingawa ndilo ningelitamani lisomwe kwanza. Miaka ya 1960, Esmé Hadfield, daktari wa masikio, pua na koo huko High Wycombe, Uingereza, mji uliosifika kwa viti na fanicha, aliona saratani ya ndani ya pua iliyo adimu ikiwajia wagonjwa wa kazi moja: mafundi wa fanicha. Mwaka 1968 yeye na wenzake, akiwamo Donald Acheson, walichapisha matokeo katika British Medical Journal. IARC, wakala wa Shirika la Afya Duniani unaochunguza saratani, uliliweka vumbi la mbao katika kundi la 1, kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, katika ripoti yake ya 1995. Ugonjwa huo huchukua miongo kujitokeza. Kijana anayepokea mbao leo hataumwa leo. Vumbi la mvule lina lake la haraka zaidi: huwasha ngozi na huweza kuleta pumu.

Mashine ya msasa ndiyo inayotoa vumbi laini kuliko karibu zote karakanani, na kitambaa kilichofungwa puani hakilizuii. Barakoa ya kuchuja chembe, aina ya N95 au FFP2, inalizuia kwa kiasi kikubwa, lakini kazi kubwa ni ya bomba. Unga wa mbao unahitaji hewa yenye kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde ili usitue njiani. Katika bomba la milimita 100 hiyo ni kama mita za ujazo 565 kwa saa. Bomba la milimita 50 lina robo tu ya uwazi huo, na kifyonza vumbi cha nyumbani kilichounganishwa nalo kinapeleka sehemu ndogo tu ya hewa inayotakiwa.

Hewa hiyohiyo inayookoa pua ndiyo inayoondoa unga kati ya punje na kuupoza msasa, kwa hiyo karakana yenye bomba dogo huwa pia na mbao zinazoungua. Kabla ya kununua utepe mwingine kwa sababu ya mistari myeusi, chomoa mashine ya msasa, washa mashine ya kunyonya vumbi peke yake, na ushike uzi mbele ya mdomo wa bomba. Ukivutwa ukanyooka, endelea na ukaguzi wa dramu. Ukining'inia, mwaga mfuko, kung'uta kichujio, tafuta palipoziba, kisha upitishe tena ubao uleule kwa kina kilekile.